Ameandikwa Mara Mbili

Siku hizo ndugu yako alikuwa yule tu aliyeunganishwa nawe kwenye faili la mtaa, na Semeni ndiye aliyelitunza kwenye kompyuta, kwa lugha ya programu iitwayo Python. Asubuhi moja alilihifadhi, akalifungua tena, akamkuta binti yake Mwanamkuu ameandikwa mara mbili. Kosa alilijua: namba ya mtoto ilisomwa mara moja kama tarakimu, mara nyingine kama maandishi, kompyuta ikahesabu watoto wawili. Akamfuta mmoja, akahifadhi, akarudi nyumbani.

Mumewe, Chande, alikuwa barazani akipiga kiwi jozi mbili za viatu vya shule.

"Mama Mwanamkuu, pacha wake umemwacha wapi?"

"Pacha yupi? Mimi nilizaa mtoto mmoja."

Chande aliinua jozi ya pili ya viatu, saizi ile ile na ya kwanza. Ndani, Mwanamkuu alikuwa akilia, akiita jina lake mwenyewe.