Komeo la Mlangoni

Hildegarda alishika skrubu nne kiganjani, na mumewe akawa anazichukua mojamoja bila kumtazama.

Tangu waoane Hildegarda alikuwa akimsumbua atie komeo mlangoni, maana nyani wa Mikumi hawana adabu. Ukienda bombani tu, unga umeliwa. Leo, siku ambayo Hildegarda alikuwa aanze kazi ya kupika kwenye hoteli ya madereva wa malori, mume hakwenda gereji. Aliamka akipiga mluzi, akatafuta bisibisi.

"Si nilikuahidi?" alisema.

Moyo wa Hildegarda ulitulia. Jana alipompa habari za kazi, mume alisukuma sahani, akaenda kulala. Kumbe hasira zimekwisha.

Skrubu ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Vumbi la mbao likadondokea viatu vyake vipya vya kazini, akainama kulipangusa. Alipoinuka ndipo alipoona komeo limekaa upande gani.

"Mume wangu, mbona umelifunga kwa nje?"

"Nyani wanatokea wapi? Si nje?"

"Na mimi nikiwa ndani?"

"Utakuwa salama." Akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi. "Lete hiyo ya mwisho, halafu uingie tulijaribu."

Akaendelea na mluzi wake.

Skrubu ilikuwa imeshapata joto la mwili. Hildegarda akaifumbata ngumini asiitoe, na mluzi ukakatika.