Lango la Mwisho Kabla ya Ziwa

Siku hizi maji ya kujazia malango ya mto, ili boti iinuke na kupanda juu, hutolewa kwenye bomba la nyumbani kwa mwenye boti. Likikauka, hutolewa kwa jirani. Kwa hiyo nyumbani kwa Mwanakheri walioga kwa kikombe mwaka mzima, ili yeye apande mto kwa boti yake, matembezi mpaka ziwani.

Alipofika lango la mwisho, mumewe alipiga simu. "Mama Tima, bomba limekauka! Mtoto ana sabuni machoni!"

"Mpanguse kwa kanga. Ziwa lile pale, sirudi."

Akabonyeza kitufe cha lango. Maji yakabubujika, boti ikainuka taratibu. Kwenye simu mtoto alikuwa bado analia. Kisha ikasikika hodi mlangoni: jirani anaomba maji.