Ukaguzi wa Bi Mwanapili

Mwezi wa tatu sasa Bi Mwanapili alikuwa akirudi kutoka skuli ya wasichana amenuna, na kila alivyonuna ndivyo Bwana Borafya alivyozidi kufurahi.

Yeye ndiye aliyempeleka. Tangu serikali ifungue darasa la wasichana pale Bwejuu, mwaka 1954, Bwana Borafya hakuwa na raha. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazee, na kwa maoni yake wa kuamua watoto wafundishwe nini ni wazee, na wazee ni yeye. Mle darasani hakuwahi kutia mguu. Jografia ya nini kwa mtoto wa kike, aliuliza, anakwenda wapi? Afisa wa elimu alikuwa ameshasema kwamba kamati ikiandika barua ya malalamiko, darasa litafungwa. Yalitakiwa makosa tu, na wa kuyatafuta alikuwa Bi Mwanapili, kungwi wa kijiji, ambaye kwa ulimi wake hata sheha alimpisha njia.

"Nnakaa mbele kabisa," alimwambia Bwana Borafya. "Nyuma sioni. Na yule mwalimu nnamtaka arudie kila neno mara tatu."

Bwana Borafya akamwambia asimwachie. Kisha akaviona vidole vyake vyeupe, akamkanya apunguze kutafuna tambuu, maana chokaa ilikuwa imemtapakaa mpaka kwenye kanga. Midomo yake haikuwa na wekundu hata kidogo, lakini mwenyekiti hakuwa mtu wa kutazama midomo ya wake za watu.

"Mwandishi wa barua umempata?" aliuliza.

"Nshampata."

Barua Bi Mwanapili aliileta mwenyewe barazani, mbele ya kamati. Ilikuwa kwa herufi za Kizungu, kama wakubwa wa mjini walivyotaka. Bwana Borafya alisoma za Kiarabu bila kukwama. Hizi alizidharau, kwa hiyo hakujifunza hata moja. Lakini wazee wanne walikuwa wakimtazama. Akaikodolea macho barua kutoka juu mpaka chini, taratibu, akigeuza midomo kama anayeonja mchuzi.

"Maneno yangu hasa," alisema, akatia saini. Wenzake nao wakatia.

Siku kumi baadaye afisa alikuja na gari. Kijiji kizima kilikusanyika uwanjani, Bwana Borafya mbele, amevaa joho. Afisa akasoma jawabu: serikali imefurahishwa mno na ombi la wazee watano wa Bwejuu la kutaka nao wafundishwe kusoma. Darasa la wasichana litaendelea asubuhi, la wazee litaanza leo alasiri. Na kwa kuwa mwalimu ni mmoja tu, atasaidiwa na yule aliyeandika ombi lile kwa mwandiko wake mzuri.

Bi Mwanapili akafungua pindo la kanga, akatoa chaki.

"Kaa mbele, Bwana Borafya," alisema. "Nyuma hutaona."