Dhamana ya Ukuta

"Mwandike wa kwenu, mama yangu mwache!"

"Tatu, nisikilize kwanza—"

"Nisikilize nini? Mama yangu kawa mfuko wa saruji?"

Chambuso aliikodolea macho fomu ya zabuni ya ukuta wa kuzuia mafuriko. Leseni, mitambo, mafundi, vyote alishajaza. Ulibaki mstari wa dhamana. Ukitaka kazi ya Jiji, unamtaja ndugu yako, na huyo anahamia kwenye nyumba iliyo chini ya ukuta wako mpaka ukuta umalize masika matatu. Ndugu akiwa wa karibu, alama zinapanda. Mshindani wake alikuwa kaandika watoto wake mapacha, na dirisha la zabuni lingefungwa saa sita mchana.

"Mama yangu nilimwandika kwenye ukuta wa kwanza," alisema.

Ukuta ule ulimaliza masika ya kwanza tu; ya pili yakaubomoa, maji yakamchukua mama.

Mlango ukasukumwa, akaingia Bi Mwanahawa, mama yake Tatu, na ungo wa mchele mkononi. Miaka tisa alikuwa akizungumza na mkwewe kwa kumtuma binti, kama heshima inavyotaka. Leo alikaa mbele yake, akamtazama usoni.

"Niandike, baba."

"Mama!" Tatu alipiga ukelele.

"Nyamaza wewe. Mkwe wangu, safari hii nondo utaweka zote?"

Chambuso aliangalia sakafu. "Nitajitahidi, mama."

Bi Mwanahawa akauweka ungo chini taratibu.

"Basi kabla sijahamia huko, nifundishe kuogelea."