Tundu la Kwanza

Mjukuu wangu alisimama na donge la gundi ya chuma kiganjani, mbele ya injini ya rota ya gari la marehemu babu yake, iliyofunguliwa mezani.

“Bibi, nikiziba matundu haya ya kuingizia hewa na kutoboa mengine, gari litakimbia kweli. Ila ule mngurumo wa Babu hutausikia tena.”

Mngurumo ule nilikuwa nausikia tangu kona ya mbali, nabandika maji yake ya kuoga.

Donge lilishaanza kupata moto, karibu ligande. Nikalichukua, nikalisukumiza kwenye tundu la kwanza kwa kidole gumba.

“Babu yako mwenyewe alisema gari hili linakoroma kuliko mimi.”

Mjukuu wangu alicheka huku akifuta macho kwa kiwiko, kisha akaweka kidole chake juu ya changu.

“Kandamiza, Bibi. Bado kuna mwanya.”