Ndege Iliyolala Chali

Ndege ya Kapteni ilikuwa imelala chali katikati ya shamba la maharage la jirani, magurudumu juu, kama mende aliyepuliziwa dawa. Na kwa kuwa yeye mwenyewe kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiruka na ndege hiyo kupulizia mashamba dawa ya wadudu, Kapteni aliona utani huo haufai kupotea bure. Aliurudia kwa kila aliyekuja kumpa pole, na kila mara alikuwa wa kwanza kucheka.

"Safari hii dhoruba imenipulizia mimi," alisema.

Mkewe hakucheka. Watu wote walimwita Mwalimu, hata mumewe, maana alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na bado aliwatazama watu kana kwamba wamekosea jibu. Tangu siku ya dhoruba hakuwa amesema maneno kumi.

Asubuhi ya siku ya nne akaja mkadiriaji wa bima, binti mwenye buti za mpira na kamera shingoni. Aliizunguka ndege mara mbili, akapiga picha bawa lililovunjika na mkia uliopinda, akachungulia na stoo. Kisha wakaketi kibarazani, akafungua mkataba juu ya meza.

"Mzee, wengi wanadhani bima ya ndege hailipi majanga ya asili," alisema. "Hii yako inalipa. Dhoruba, mafuriko, radi, mvua ya mawe, hata tetemeko la ardhi."

"Na nzige?"

Binti akatabasamu. "Nzige hawamo."

"Afadhali. Wale tuna ugomvi wetu wa zamani."

"Ila kuna kipengele cha tisa." Akakiwekea kidole. "Ndege ikilazwa nje, lazima iwe imefungwa kwa kamba kwenye vigingi. Upepo ukikata kamba, kampuni inalipa. Kama haikufungwa, hupati kitu."

Kapteni alivaa miwani, akasoma, akaivua upesi. Macho yake yalikuwa siri inayojulikana na kila mtu. Mwezi uliopita alitua kwenye barabara ya kwenda mnadani akidhani ni kiwanja chake, nyuma ya lori la ng'ombe. Aliisimulia habari hiyo kwa mbwembwe: jinsi ng'ombe walivyomkodolea macho, jinsi dereva wa lori alivyomwashia taa ili apite. Watu wakashika mbavu. Hakuwasimulia kwamba, injini ilipozimwa, aliendelea kukaa ndani ya ndege saa nzima kabla miguu haijakubali kumbeba.

Wanawe walimsihi aiuze. "Niiuze halafu niitwe nani?" aliwajibu. "Kapteni wa kuku?" Badala yake akatia saini kazi ya msimu mpya, mashamba kumi na manne, kuanzia Jumatatu inayofuata.

"Nimeziona kamba zako stoo," binti alisema. "Nzima kabisa, zimekunjwa vizuri kama mashuka." Alishusha kalamu. "Labda hizo ni za akiba? Labda zilizokuwa kwenye ndege zilikatika, zikapeperuka? Upepo ule umebeba hata mabati."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Vikombe vikagongana.

Neno moja tu lingetosha. Kapteni alimtazama mkewe, kisha akaangua kile kicheko chake.

"Binti yangu, hakuna kamba nyingine. Nilisahau kuifunga. Redio ilitangaza dhoruba asubuhi nzima, mimi nikashiba, nikajilaza mchana kama mtoto mchanga. Andika kwamba mwenye ndege ni mzembe. Ukipata neno kali zaidi ya hilo, liweke."

"Nimesoma jalada lako, mzee," binti alisema polepole. "Miaka thelathini na moja hujasahau hata mara moja."

"Ndiyo sababu safari hii nikasahau kwelikweli. Nilikuwa naulimbikiza uzembe."

Binti aliandika. Kapteni akatia saini, herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari. "Umeona?" alisema. "Hata jina langu siku hizi linatua barabarani."

Safari hii hata binti alicheka, ingawa macho yake hayakucheka. Akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia pole, akaondoka. Gari lake lilipotelea kwenye kona.

Mwalimu aliweka sinia mezani bila kumimina chai. Akakaa kwenye kiti alichoacha yule binti.

"Umemdanganya," alisema. "Uliifunga. Nilikuona ukiifunga."

Kapteni alianza kupanga vikombe.

"Mimi ndiye niliyeifungua." Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Ulipokwenda kulala, nikatoka nikafungua kamba zote. Nilijua upepo unakuja. Nilisema heri niwe mke wa mtu asiye na ndege kuliko mjane wa rubani. Sasa nimekufilisi, na wewe umejitukana mbele ya mtoto wa watu kwa kosa langu. Nikasirikie, basi. Sema kitu."

Kapteni alilisogeza birika, akammiminia chai, akamsukumia kikombe.

"Sikuwa nimelala, Mwalimu," alisema. "Nilikuwa dirishani. Fundo la tatu lilipokushinda, nusura nitoke nije nikusaidie."