Chai ya Bogusz

Tulimwacha Bogusz amekaa kwenye theluji, chini kidogo ya kilele, midomo imegeuka buluu. Begi lake tulimbebea sisi.

"Tunapiga picha tu, mzee. Usilale!"

Kileleni, milima yote ya Tatra nyeupe chini yetu, tukala soseji, mafuta yakiganda kwenye ndevu. Kikombe kimoja kikazunguka kama kawaida yetu, chai ya moto yenye asali na ramu, kutoka kwenye chupa ya chai. Zamu yangu ilipofika nikapiga funda kubwa. Mwenzangu mmoja akaipindua chupa tupu.

"Umetumalizia, mlafi we!" Wakacheka.

Kwenye chupa palikuwa na jina la Bogusz, limeandikwa na mkewe kwa rangi ya kucha.

Hakuwa na chai nyingine. Funda lilikuwa bado mdomoni mwangu, tamu, lina mafuta ya soseji kutoka midomoni mwao.

Nikalimeza.